Pikipiki Ikikosa Moto, Usikimbilie Pistoni

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)



Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo kwa mtu wa mjini, mwenye kupanda basi kila baada ya dakika kumi, huenda likaonekana dogo. Nalo ni hili: pikipiki kuukuu, yenye kabureta, inapoanza kukosa moto. Vijana wa kijiweni husema inamisi. Iko barabarani, inaunguruma, mara inakohoa, inarukaruka, inapoteza nguvu, na pengine inazimika kabisa katikati ya pori.

Kwa sisi wa Nachingwea na Ruangwa jambo hili si dogo hata kidogo. Pikipiki ndiyo inayotoa gunia la korosho shambani hadi ghala la chama cha ushirika. Ndiyo inayobeba ufuta. Ndiyo inayompeleka mwalimu shuleni na mgonjwa hospitalini. Na pikipiki hizi nyingi zina silinda moja tu. Gari lenye silinda nne, moja ikikosa moto, litajikokota kwa tatu zilizobaki. Yenye silinda moja haina pa kuegemea.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwangu.

Mpwa wangu ana pikipiki aliyoinunua kwa mkono wa pili, na ndiyo inayomlisha yeye na watoto wake. Masika moja, mwezi wa Januari, ilianza kumsumbua. Akiiwasha asubuhi inawaka kwa kiki moja. Akienda kilomita sita au saba, inaanza kukatakata, kisha inazimika. Akisimama kidogo inawaka tena, na safari inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Aliipeleka kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Fundi huyo alisikiliza mlio mara moja tu akasema, "Pistoni imekwisha." Pistoni ikanunuliwa pamoja na ringi zake. Siku ya pili ugonjwa ukarudi. Akaambiwa basi ni koili. Koili ikanunuliwa. Ugonjwa ukarudi. Akaambiwa ni kabureta, na kabureta nayo ikanunuliwa. Fedha yote aliyoipata kwa korosho za msimu ule iliishia kwenye kaunta ya duka la vipuri, na pikipiki ikabaki inamisi vilevile.

Kisha usiku mmoja mtoto wake mdogo alishikwa na homa kali. Mvua inanyesha. Akampakia mkewe nyuma, mtoto mgongoni kwa mama yake, wakashika njia kuelekea hospitali ya Mnero. Pikipiki ilizimika mara tatu. Kila mara mpwa wangu aliteremka gizani, akafungua tenki na kumulika kwa tochi kuona kama mafuta yapo, akafunga, akapiga kiki, wakaendelea. Walifika. Mtoto alitibiwa na leo yuko chekechea. Lakini mama yake aliniambia, "Mjomba, ile mara ya tatu nilikuwa nimeshateremka, nimeanza kutembea kwa miguu."

Juma lililofuata nilimchukua mpwa wangu tukaenda kwa fundi mmoja mzee, Ruangwa. Tulimwamkia, akaitikia, akatuketisha kwenye benchi. Hakushika spana. Aliuliza.

"Inakataa ikiwa ya baridi au ikishachemka?"

"Ikishatembea, mzee. Kilomita sita hivi."

"Ikizimika, unafanya nini hata iwake?"

"Nafungua tenki natazama mafuta. Nafunga. Napiga kiki."

"Umeshawahi kuiwasha bila kufungua tenki?"

Mpwa wangu akanyamaza. Hakuwahi.

Mzee aliinuka, akafungua kifuniko cha tenki, na chini yake akatoa kipande cha nailoni. Mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyekiweka mwanzoni mwa masika ili maji ya mvua yasiingie kwenye petroli. Wasikilizaji, kifuniko cha tenki kina tundu dogo la kupumulia. Petroli inaposhuka kwenda kwenye kabureta, hewa lazima iingie tenkini kushika nafasi yake. Tundu likizibwa, petroli hushuka kidogo kidogo, kisha hukataa kabisa kushuka, kama chai ndani ya birika lililofunikwa kikiki. Injini inakosa chakula, inakohoa, inazimika. Ukifungua kifuniko hewa inaingia, na ugonjwa unapona kwa kilomita nyingine sita.

Mara tatu usiku ule pikipiki ilimweleza mwenyewe ugonjwa wake, na mara tatu mwenyewe hakusikia. Mzee alikataa malipo, akapokea fedha ya chai tu.

Ndugu wasikilizaji, neno langu la leo ni hilo moja: pima kwanza, nunua baadaye. Injini inayokosa moto inaugua mahali fulani, na mahali hapo huonekana kwa kuuliza na kujaribu kitu kimoja kimoja. Anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha anacheza bahati nasibu.

Na sisi wa Nachingwea tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Zililetwa mashine nyingi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara hadi kwetu. Lakini udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya fedha kutumika. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Walinunua mashine kabla ya kuuliza. Kosa la fundi yule wa kwanza ni lilelile, ila lake lilikuwa la bei ya magunia ya korosho.

Sasa tuipime pikipiki hatua kwa hatua. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: cheche ya moto kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na mgandamizo, ambao mafundi wengi huuita kompresheni. Kila ugonjwa wa kukosa moto unatoka katika moja ya hayo. Anza na lililo rahisi kuliona, lisilo na gharama.

Kwanza, jiulize maswali. Inamisi lini? Ikiwa ya baridi au ya moto? Ikinyesha? Ikipanda mlima? Ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa mafuta, au ukivuta mafuta mengi? Na lililo kubwa: kabla haijaanza, ni kitu gani kiliguswa? Nailoni ile ingepatikana siku ya kwanza kwa swali hilo la mwisho.

Pili, tazama mafuta. Ikizimika, legeza kifuniko cha tenki usikilize kama hewa inaingia kwa kufyonza. Kisha chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kutolea petroli. Weka chupa safi inayoonyesha, ilegeze, petroli ishuke. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini, na utaona mpaka kati yake. Utaona na mchanga kama upo. Fanya kazi hii mbali na jiko na sigara. Wengi wetu hununua petroli ya chupa kando ya njia, na chupa ile hatujui jana ilikuwa na nini. Miaka ya nyuma, mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wako waliokuwa wakiyachanganya na petroli, hadi serikali ilipopandisha kodi yake mwaka 2011 ili kuua mchezo huo. Ukiwa na shaka, dondosha petroli kidogo kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Tatu, fungua plagi. Plagi ni ulimi wa injini. Daktari husema toa ulimi, na fundi husema toa plagi. Itoe pikipiki ikiwa imetoka kutembea. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mwako ni mzuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli imezidi hewa: huenda choki imebaki imevutwa, au chujio la hewa limejaa vumbi. Ikiwa nyeusi na yenye oili, oili inapanda kwenye silinda, au kwa zile pikipiki za kuchanganya oili na petroli, oili imezidishwa. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi petroli, na injini inaungua ndani. Ikiwa imelowa petroli mbichi, mafuta yanafika lakini moto haushiki.

Isafishe kwa brashi, ikaushe, kisha pima pengo lake. Kwa pikipiki nyingi za aina ya Honda CG125 pengo hilo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Naitaja CG125 kwa sababu ilitoka mwaka 1976, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, na pikipiki nyingi za Kichina zinazopita vijijini kwetu zimefuata mpango wa injini yake.

Sasa ivalishe plagi kofia yake, igusishe chuma cha injini, mbali na tundu lake maana mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kushika moto. Shika kofia kwa kitambaa kikavu, simama kivulini, mwenzako apige kiki. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, yenye mlio. Nyekundu na nyembamba ni dhaifu. Usipige kiki waya wa plagi ukining'inia bila kugusa chuma, kwani umeme ukikosa njia unaweza kuharibu koili au ile sidiai. Na msidanganyike: plagi inaweza kutoa cheche nje, lakini ndani ya silinda, penye mgandamizo, ikashindwa. Kwa hiyo kila mwendesha pikipiki awe na plagi moja nzima mfukoni. Ukiiweka hiyo na ugonjwa ukaondoka, umemaliza kwa gharama ndogo kuliko zote.

Ikiwa plagi nzima nayo inatoa moto dhaifu, fuata waya. Fungua kofia ya plagi. Mara nyingi ncha ya waya imeoza kwa unyevu. Kata nusu sentimita, irudishe kofia kwenye shaba safi. Usiku, mahali penye giza, washa injini utazame: waya uliopasuka huonyesha cheche zikirukia chuma cha fremu. Hii ndiyo sababu pikipiki nyingine humisi siku za mvua tu. Zile za zamani zaidi, zenye pointi, zitazame pointi zake kama zimeungua, na pengo lake liwe karibu milimita 0.35. Tazama pia nyaya za swichi zinazopinda kila usukani unapogeuzwa.

Nne, ikiwa moto ni mzuri, ndipo uende kwenye kabureta. Sikiliza inamisi wakati gani. Ikikataa kutulia kwenye silensa lakini ukivuta mafuta inakwenda vizuri, shuku jeti ndogo. Ikitulia vizuri lakini ikikosa nguvu ukivuta mafuta mengi, shuku jeti kubwa, au mafuta hayashuki ya kutosha. Jeti iliyoziba isafishwe kwa petroli na pampu ya baiskeli. Msizichokonoe kwa waya wa chuma! Jeti ni shaba laini. Tundu likipanuka, pikipiki itakula mafuta hadi mwisho wa maisha yake. Na kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta, ikaze pole pole huku ukihesabu mizunguko, uandike, ili uweze kuirudisha ilipokuwa.

Usisahau mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa hupenya na kuvuruga mchanganyiko. Injini ikiwa kwenye silensa, paka oili kidogo kwenye mpira huo. Mlio ukibadilika, ufa uko pale.

Na chujio la hewa. Kiangazi chetu kina vumbi jekundu, na kuanzia mwezi wa Mei wakati wa kupulizia mikorosho, kuna na vumbi la salfa. Chujio la sponji lioshwe, likaushwe, lipakwe oili kidogo. Wako vijana wanaolitupa kabisa ili pikipiki "ipate pumzi". Inapata pumzi, na inapata mchanga pia, na mchanga ndio unaokula pistoni na ringi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, na mwisho, ndipo tupime mgandamizo. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, vuta mafuta yote, piga kiki huku umezima swichi. Kidole kinapaswa kusukumwa kwa nguvu. Kisiposukumwa, tazama kwanza nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi. Kwa CG125 ni milimita 0.08. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa injini ikipata moto, na mgandamizo huvuja. Ikiwa nafasi ni sahihi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda zimelika. Usipopanda, valvu ndizo zinazovuja. Hapo, na hapo tu, ndipo neno pistoni linaruhusiwa kutajwa.

Kwa wenye zile pikipiki za zamani za silinda mbili, kuna njia ya mkato. Injini ikiwa imetoka kuwashwa, dondosha tone la maji kwenye kila bomba la moshi karibu na silinda. Bomba ambalo tone haliungui upesi ni la silinda inayokosa moto. Kisha badilishana plagi: ya kushoto ipeleke kulia. Ugonjwa ukihamia kulia, mbaya ni plagi. Ukibaki kushoto, rudisha plagi, kague waya na koili ya upande huo. Nanyi wenye mashine za kupulizia salfa, injini zenu ni ndugu wa hizi: tenki, chujio, plagi, kabureta, mgandamizo. Utaratibu ni huohuo.

Kuna kanuni moja inayoshika yote haya. Badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na pikipiki ikapona, hujui kilichoiponya, na siku ikirudi utaanza upya. Tena kipuri cha zamani usikitupe hadi uthibitishe kuwa kilikuwa kibovu. Mpwa wangu alimwachia fundi pistoni yake ya kwanza. Nadhani leo inafanya kazi nzuri kwenye pikipiki ya mtu mwingine.

Mwisho nina neno kwa makundi mawili. Ndugu zangu mafundi, kuuliza hakupunguzi ufundi. Mteja akija, mketisheni mumwulize kabla ya kushika spana. Nanyi wamiliki mnaopokea hesabu kila jioni kutoka kwa vijana: kijana akisema pikipiki inamisi, mpeni saa mbili aipime, na msimwambie kwanza alete hesabu. Ile hesabu ya siku moja si kitu mbele ya abiria atakayeachwa porini usiku, mvua inanyesha, mtoto mgongoni.

Mpwa wangu sasa ana plagi ya akiba, chupa ya kupimia petroli, na daftari dogo chini ya kiti. Ukurasa wa kwanza ameandika: "Tundu la kifuniko." Na masika haya, mvua ikinyesha, tenki analifunika kwa ngozi ya kiti kuukuu aliyoitoboa tundu juu.

Wasikilizaji wapenzi, kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo. Kwa herini.